UFUNGUO WA MTANDAO UWE MKONONI MWA SHERIA

(Maneno ya mafundi wa kompyuta mbele ya wanachama, mjini Musoma)



Sisi si wanasiasa. Sisi ni mafundi. Kazi yetu ni kuunganisha nyaya, kutengeneza mashine na kuandika programu. Lakini fundi naye ni mwananchi, na mwananchi aonaye jambo juu ya nchi yake akanyamaza, ameitupa haki yake mwenyewe. Haya tutakayosema ni maoni yetu, si ya wale wanaotuajiri.

Kwanza yafaa tuelewane mtandao ni kitu gani. Wengi hudhani kuwa intaneti hukaa hewani kama upepo wa ziwani. Sivyo. Mnara ulio karibu nawe hupokea ujumbe wa simu yako kwa hewa, lakini sehemu kubwa ya safari iliyobaki hupita ardhini, katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zipitishazo mwanga. Nyuzi hizo hufika Dar es Salaam, na hapo mkongo huingia baharini. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Mkongo wetu wa Taifa nao ulianza kujengwa mwaka 2009, kwa mkopo kutoka China. Mkopo huo ni deni la nani? Ni deni la mvuvi wa Mwigobero na mkulima wa pamba wa Bunda. Kwa hiyo mkongo ule ni mali yao.

Sasa angalieni jambo moja. Kijana wa Musoma akimwandikia shangazi yake wa Butiama kwa WhatsApp, maneno yake hayapandi basi la Butiama. Huenda kwanza mpaka kwenye mashine zilizoko ng'ambo, kisha yakarudi. Mlango wa kutoka nje ukifungwa, hata jirani na jirani hawaandikiani kwa njia hiyo. Basi mwenye ufunguo wa mlango huo ana nguvu kubwa, na nguvu kubwa ni lazima iwe na mipaka.

Mwezi Mei mwaka 2024 mikongo ya baharini ilipata hitilafu, na mtandao ukazorota nchi nzima. Hatukumlaumu mtu, maana chombo huharibika, tulingoja kitengenezwe. Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimika nchi nzima wala haukuwa umeharibika. Ulifungwa. Ulianza kurudi baada ya siku tano hivi. Kabla ya hapo, tangu mwezi Mei mwaka huo, mtandao wa X ulikuwa umezuiwa, na mwezi Septemba leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90.

Siku zile za Oktoba zilikuwa siku za ghasia na za vifo. Sisi tulikaa Bunda katika chumba chetu cha kazi, mashine zote nzima, na hakuna tulichoweza kufanya. Mama mmoja alikuja na simu yake akadhani imekufa. Mwanawe anasoma Dar es Salaam, naye alizoea kumwona usoni kila jioni katika simu hiyo. Alitwambia, "Wanangu, nitengenezeeni." Tulimwambia simu yake haina ubaya wowote. Akatuuliza, "Basi ubaya uko wapi?" Ndugu zangu, swali lile hatukuweza kulijibu, na ndilo lililotuleta hapa leo.

Wako wasemao kwamba mtandao hueneza uongo na uchochezi, na kwamba ukifungwa nchi hutulia. Sisi hatukatai kuwa uongo uko. Lakini twauliza: mwizi wa ng'ombe akivuka daraja la Kirumi kukimbilia Tarime, je, polisi hubomoa daraja? Hapana. Humfuata mwizi. Daraja likibomolewa, mgonjwa hafiki hospitali, muuza samaki hafiki sokoni, na mwizi aliyekwisha kuvuka anatucheka. Hali kadhalika, mtandao ukifungwa uongo haufungwi. Uvumi hutembea kwa miguu, na mwenye habari ya kweli hana njia ya kuukanusha.

Sheria ya kumshika mkosaji mmoja mmoja ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Twaiona ni kali mno mahali pengine, lakini angalau humpeleka mtu mbele ya hakimu. Kufunga mtandao ni kuwahukumu mamilioni bila kumwita hata mmoja wao mahakamani.

Wanachama wenzetu, chama cha ukombozi hakifai kuisahau asili yake. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na haikuwa na redio. Mwaka 1957 Mwalimu, mwana wa Butiama hii yetu, alianzisha Sauti ya TANU, gazeti dogo la kurasa za kupiga chapa kwa mkono. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa humo juu ya mabwana shauri wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Hata mkoloni, aliyetutawala bila ridhaa yetu, alilazimika kumpeleka kortini, kumsomea mashtaka na kumpa nafasi ya kujitetea. Je, Serikali yetu wenyewe itufanyie pungufu ya hayo?

Katiba yetu, ibara ya 18, imempa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na kutoingiliwa katika mawasiliano yake, na haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio muhimu. Neno "wakati wote" halina siku ya uchaguzi iliyoondolewa.

Lakini tusijitakase. Sisi wenyewe tuna makosa. Tunasambaza picha tusizojua zilikotoka. Tunatukanana kwa makabila na dini. Tunawaonea haya vijana wetu wanaowaibia wazee kwa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", badala ya kuwataja. Anayedai uhuru wa kusema na akautumia kudanganya, huyo ndiye ampaye mfungaji kisingizio.

Basi twataka mambo matatu. La kwanza, mtandao usifungwe ila kwa amri ya mahakama, yenye sababu iliyoandikwa, mahali palipotajwa na idadi ya siku. Na wananchi watangaziwe. La pili, ada isiwe kufuli jingine. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kuandika habari mtandaoni alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa kuanzia. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, na tena mwaka 2022, lakini kijana wa Butiama anayeandika habari za bei ya mahindi asiwekwe mizani moja na tajiri wa mjini. La tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ifuatwe na wote, wakubwa kwa wadogo, mtu asichunguzwe simu yake kwa hila.

Twajua wengine watasema kuwa mafundi wameingia siasa. Tunajibu: mvuvi akisema ziwa limechafuka, hakuingia siasa, amesema habari za ziwa lake.

Yule mama wa Bunda alipata sauti ya mwanawe baada ya siku sita. Ni mzima. Lakini bado anangoja jibu la swali lake, nasi twaomba wanachama mlipeleke kwenye vikao vyenu, tawi kwa tawi, mpaka lijibiwe kwa sheria.

Uhuru na Umoja!