Mbele ya Kwenda kwa Daktari wa Meno: Mambo ya Kujua na Mambo ya Kusema

Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, muuguzi wa meno, kwenye kikao cha mwezi, Baraka

Aksanti kwa komite kwa kunipa nafasi hii baada ya hesabu za sanduku. Wengi munanijua: mimi ni mwanachama kama nyinyi, na kazi yangu ni uuguzi kwenye kliniki ya meno. Nimeombwa niseme mambo yenye mugonjwa anapashwa kujua mbele ya kufika kwetu. Ni mengi, lakini yana kichwa kimoja: ukuje mapema, na ukifika useme ukweli wote.

Nianze na kuchelewa. Kule Nyarugusu na Lugufu tulienda na karatasi zetu, tukapanga mustari, tukatibiwa bila kulipa. Huku nyumbani kila kitu ni franga: fishi, kuonwa na daktari, dawa. Kwa hiyo mutu anapima: jino linauma usiku tu, asubuhi linatulia, acha ningoje mavuno. Lakini jino lenye limetoboka halijifungi lenyewe kama kidonda cha muguu. Na siku maumivu yanapokatika bila dawa, musifurahi haraka. Mara nyingi mushipa wa ndani umekufa, na usaha unaanza kujikusanya chini ya mizizi.

Kuna wanaochelewa juu ya woga. Wanasema, "Fulani alichomwa sindano ya ganzi na bado alisikia kila kitu." Inaweza kuwa kweli, na sababu yake ni hii: penye usaha na uvimbe mukubwa, ganzi haishiki vizuri. Jino lenye linatolewa mapema, ganzi inashika, unasikia kusukumwa tu. Mwenye kukimbia maumivu kwa kungoja, ndiye anakutana nayo kwenye kiti.

Katika kungoja, watu wanajitibu. Mutu anaweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi: kinachoma nyama, na jino linabakia vile lilivyo. Mwingine anatia maji ya betri ndani ya tundu. Ile ni asidi, inaunguza mudomo. Mwingine ananunua sokoni vidonge viwili vitatu vya antibiotiki. Uvimbe unashuka kidogo, anaacha, na ugonjwa unarudi na nguvu. Paracetamol kwa kipimo chake inaweza kukusaidia ufike kwetu. Lakini haitibu jino.

Sasa alama zenye hazingoji hata kesho. Uvimbe wenye unapanda kuelekea jicho ao kushuka chini ya taya na shingo. Kushindwa kufungua kinywa, kumeza mate ao kupumua vizuri. Homa pamoja na uvimbe. Hapo usingoje siku ya kliniki, enda hopitali saa ile ile, hata usiku. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kufunga njia ya hewa, na mutu anakufa. Tena mutoto mwenye ametoka kuugua surua, ao mwenye amekonda sana, akipata kidonda cha ufizi chenye kunuka, apelekwe siku ile ile. Inaweza kuwa noma, ugonjwa wenye unakula shavu kwa siku chache. Ukiwahiwa, unatibika.

Haya, umeamua kuja. Ujitayarishe namna gani? Kula chakula kwanza, juu kwa sindano ya ganzi hatutaki mutu mwenye njaa, anaweza kuzimia. Piga meno muswaki, hata lile lenye kuuma, polepole. Usinywe lotoko ili upate roho ya kukaa kwenye kiti. Pombe haiongezi ganzi, na inatuzuia kukupa dawa fulani. Leta fishi yako ya zamani kama unayo, hata ile ya kambini. Na kila dawa yenye unakunywa, leta pakiti yake mufukoni. Usituambie tu "kile kidonge cheupe", vidonge vyeupe ni vingi.

Kisha useme ukweli. Kama una tansio, ao sukari, sema. Usiache dawa zako siku hiyo kwa kudhani zitagombana na zetu. Mwenye sukari ale na anywe dawa kama kawaida. Kama unakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema, lakini usiziache wewe mwenyewe. Daktari ndiye anaamua. Kama uliwahi kuambiwa moyo wako una shida, kama jeraha dogo linakutoka damu muda murefu, kama penisilini iliwahi kukuvimbisha, sema mbele ya sindano. Na mwenye kunywa dawa za virusi vya sida aseme bila kuona haya. Hatuulizi ili tukutangaze sokoni. Tunauliza juu dawa nyingine hazipatani, na jeraha lako linaweza kuhitaji kuangaliwa zaidi. Kama kuna watu kwenye chumba, omba kusema na muuguzi pembeni. Ni haki yako.

Mama mwenye mimba, usikubali kuambiwa "ngoja ujifungue". Usaha mudomoni unakuumiza zaidi kuliko matibabu. Miezi ya katikati, wa nne mpaka wa sita, ndiyo mizuri kwa kazi yenye inaweza kupangwa. Lakini uvimbe na maumivu makali tunatibu mwezi wowote. Ila sema una mimba, hata kama ni changa na bado hujamwambia mutu, juu kuna dawa hatutakupa. Tetrasikilini ni moja: inachafua rangi ya meno ya mutoto mwenye bado yumo tumboni, na ya watoto wadogo pia.

Hapa naomba wamama na mabibi munisikilize sana. Kule kambini na huku vijijini tumesikia habari ya "meno ya plastiki". Mutoto wa miezi michache anahara, ana homa, fizi zimevimba. Anapelekwa kwa mutu mwenye anapasua ufizi na wembe, kisu ao spoki ya kinga, anatoa kitu cheupe laini, anasema ndicho kilikuwa kinamuua mutoto. Wandugu, kile kitu cheupe ni jino la mutoto lenyewe, bado changa, halijakomaa. Kila mutoto muzima analo pale. Homa inaweza kuwa malaria, kuhara inaweza kuwa maji machafu. Na hayo yanaendelea wakati mutoto anapoteza damu, na chuma kichafu kinaweza kumutia tetanasi. Akipona, hata jino la ukubwani linaweza kutoka limepinda ao lisitoke kabisa. Siwalaumu mabibi, walitaka kuokoa mutoto, na waliona wengine wakifanya hivyo. Lakini mutoto wa namna hiyo mumupeleke santri ya afya apimwe malaria, apewe maji ya chumvi na sukari, na mama aendelee kumunyonyesha.

Watoto wakubwa kidogo: karibu miaka 6 kunatoka jino nene nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Wazazi wengi wanafikiri nalo litaanguka. Halianguki, ni la maisha yote, na ndilo linatoboka haraka. Likionyesha kitone cheusi mulilete, linaweza kuzibwa. Na musimutishe mutoto kwa kusema "ukikosa adabu nitakupeleka kwa daktari wa meno". Kisha siku jino linamuuma, munamuvuta mukono analia barabara nzima.

Ukifika, nawe uliza. Uliza kama sindano ni mpya, na kama vyuma vimepitishwa kwenye mashini ya muvuke wenye moto wa nyuzi 121. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Ugonjwa wa ini unaopita kwa damu ni mugumu kufa. Kliniki nzuri haikasiriki, inakuonyesha pakiti ikifunguliwa mbele yako. Ndiyo sababu nakataza wale wanaong'oa meno sokoni kwa koleo moja kwa watu kumi.

Uliza pia: jino hili lazima litoke, ao linaweza kuzibwa? Mara nyingi kuziba kunahitaji umeme wa mashini, kwa hiyo kama unatoka mbali, piga simu kwanza. Uliza bei yote mbele ya kukaa: ya kuonwa, ya kazi, ya dawa. Kama ni dola, uliza zinahesabiwa franga ngapi siku hiyo. Kisha omba risiti.

Ukishang'oa, uma ile pamba nusu saa bila kuifungua fungua. Siku ile usiteme teme mate, usisukutue, usivute sigara, usile vya moto sana. Lile donge la damu ndilo kifuniko cha kidonda. Kesho yake anza kusukutua polepole na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ukiuma vikali siku ya tatu, pamoja na harufu mbaya, ao damu ikikataa kukatika, urudi. Kurudi si aibu.

Namaliza na jambo la sanduku letu. Sanduku linatusaidia wakati wa kilio na wakati mutu amelazwa. Ni vizuri. Lakini mwenye jino moja lenye tundu leo ndiye anaweza kulazwa kesho na shingo imevimba, na hapo tutachanga wote, kwa franga nyingi zaidi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba komite ifikiri: mwanachama mwenye jino linauma na hana franga, sanduku limukopeshe pesa ya kuonwa na daktari, arudishe polepole, na risiti ibakie kwa mutunza sanduku. Sisemi iamuliwe leo. Nasema tusingoje mwenzetu mmoja afe kwa jino ndipo tuchange ya sanda.

Mwenye kuwa na swali la siri, nitabakia hapa chini ya mwembe mpaka wa mwisho aondoke.