Uchaguzi wa Cherehani kwa Kazi ya Viraka na Mifarishi: Wingi wa Mishono Usiwe Kigezo

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya wakufunzi wa ushonaji na viongozi wa vikundi vya akina mama vinavyotaka kugeuza mabaki ya vitenge kuwa mifarishi, mito na mikoba ya kuuza. Waandaaji waliomba maelezo ya jumla kuhusu aina za cherehani. Maelezo hayo yapo, ila ni mafupi, kwa kuwa hakuna mjumbe humu ndani asiyeijua cherehani ya mkono, ya kukanyaga au ya umeme. Sehemu kubwa inahusu jambo moja ambalo mtoa mada amelisema katika vikao vingi vya ununuzi, likaandikwa kwenye kumbukumbu, kisha zikanunuliwa mashine zile zile.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Ya kwanza ni kuunga vipande mpaka vitoe uso wa mfarishi. Ya pili ni kushona tabaka tatu kwa pamoja: uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Mashine inayofaa hatua ya kwanza si lazima ifae ya pili, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mshono wa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, ambao Elias Howe aliupatia hataza mwaka 1846, ndio unaotumika hadi leo katika hatua zote mbili. Wala cherehani si sharti: wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona mifarishi yao ya viraka kwa sindano ya mkono, wakianzia pembeni na kumalizia katikati. Lakini kikundi chenye oda ya hoteli hakina muda huo.

Sasa tatizo lenyewe.

Fundi wa magauni amezoea kuacha akiba pana kwenye mshono ili nguo iweze kuongezwa mteja akinenepa. Kazi ya viraka inataka kinyume chake: mshono ukae robo inchi kutoka ukingoni, yaani milimita 6 na kidogo. Mfano ni safu ya vipande 12, kila kimoja kimekatwa inchi mbili na nusu. Safu hiyo ina mishono 11. Mshonaji akizidisha milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2, kwa sababu vipande viwili ndivyo vinavyoingia ndani. Safu nzima inapungua milimita 22, karibu inchi moja. Mwenzake wa mashine ya pili akiwa ameshona sawasawa, safu zao mbili hazitakutana kona kwa kona hata zikivutwa kwa pasi. Mara nyingi lawama humwangukia aliyekata vitambaa, naye hana kosa.

Mshono hupotea njia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mguu wa cherehani: ukingo wa mguu wa kawaida hauko robo inchi kutoka kwenye sindano, kwa hiyo anayeufuata kama alama anashona kipimo kingine. Ya pili haionekani kwa urahisi, nayo ndiyo iliyomchosha mtoa mada. Mashine za nyumbani zinazoshona zigzagi zina bamba lenye mwanya mpana chini ya sindano, milimita 5 hadi 9, ili sindano ipate nafasi ya kuyumba kushoto na kulia. Mshonaji akianza kwenye ncha ya pembetatu, sindano inaisukuma ncha hiyo ndani ya mwanya, uzi unajikusanya chini, meno yanatafuna kitambaa. Mafundi husema mashine inakula. Kila ncha iliyoliwa huvutwa na kunyooshwa, na kipande kilichovutwa hakirudi kwenye kipimo chake. Cherehani ya mshono mmoja wa moja kwa moja ina tundu dogo la mviringo, linalotosha sindano tu. Kitambaa hakina pa kuzama.

Ndiyo maana washonaji wa mifarishi wa Marekani bado wanaitafuta Singer Featherweight 221, mashine iliyoingia sokoni mwaka 1933, yenye uzito wa kilo 5 hivi na isiyojua mshono mwingine zaidi ya ule ulionyooka. Kampuni za leo zinalijua hilo. Juki TL-2010Q inauzwa kwa washonaji wa mifarishi, nayo inashona moja kwa moja tu, hadi mishono 1,500 kwa dakika.

Kwenye zabuni zetu, hata hivyo, kigezo cha kwanza ni idadi ya mishono. Mashine yenye mitindo 100 inapata alama nyingi kuliko yenye mmoja. Bila kumlaumu mjumbe wa kamati yoyote, kwani wajumbe hufuata fomu waliyopewa, inapaswa kusemwa wazi kwamba maua, majani na moyo havina kazi katika kuunga viraka. Fomu haina mahali pa kuandika ukubwa wa tundu. Mtoa mada amependekeza mstari huo uongezwe, na jibu limekuwa kwamba suala litaangaliwa katika mwaka wa fedha ujao. Miaka ya fedha imepita.

Kichekesho ni kwamba jawabu mara nyingi limo stoo. Butterfly nyeusi ya kukanyaga, iliyoundwa kwa mfano wa Singer 15, inashona moja kwa moja, ina tundu dogo, haijali mgao wa umeme na kila fundi wa mtaani anajua kuifungua. Ikifungwa mguu wa robo inchi wa shina fupi, inaunga viraka vizuri kuliko mashine nyingi za kompyuta. Upungufu wake upo katika hatua ya pili. Nafasi kati ya sindano na shingo ni finyu, na mfarishi wa kitanda kikubwa ukikunjwa hauenei.

Hapo mashine ya kiwandani husaidia. Juki DDL-8700 ina nafasi kubwa zaidi na meza inayobeba uzito wa kazi. Tahadhari ni kwamba inaweza kufika mishono 5,500 kwa dakika, kasi inayomtisha mwanafunzi, hivyo ifungwe mota ya sevo inayokubali kwenda polepole. Sindano zake zina shina la mviringo. Za nyumbani zina upande mmoja bapa. Kuzichanganya kwenye kopo moja ni kujitafutia mashine isiyoshona.

Mapendekezo ni haya. Fomu za zabuni ziondoe idadi ya mishono na ziulize ukubwa wa tundu la bamba. Kila mashine iagizwe pamoja na mguu wa robo inchi, na ule unaotembea, unaosukuma tabaka la juu sambamba na la chini. Vikundi vyenye Butterfly nzima visizitupe wala kuzibadilisha, vinunue miguu. Vilivyokwisha kupewa mashine za zigzagi viagize bamba la tundu dogo linaloingiana na mashine husika, na mshonaji asiguse zigzagi bamba hilo likiwa limefungwa, kwani sindano itavunjika. Kama bamba halipatikani, mshono uanzie kwenye kitambaa kibovu ndipo uingie kwenye ncha ya pembetatu. Mashine za msaada kutoka Marekani zikaguliwe volti kabla ya kuchomekwa, kwa kuwa za kule ni za volti 120 na umeme wa Tanzania ni 230. Wakufunzi wafundishe robo inchi kabla ya mtindo wowote. Na kwa mara nyingine, tundu la bamba liandikwe kwenye fomu.

Asiyeamini afanye jaribio dukani. Akate vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja upana wa inchi moja na nusu, avishone ubavu kwa ubavu, apige pasi, kisha apime cha katikati. Kiwe inchi moja kamili. Kikipungua au kuzidi, abadilishe mguu au asogeze alama na kujaribu tena. Ikishindikana, mashine hiyo isilipiwe. Kamati za ununuzi zinaombwa kubeba futi ya chuma na vipande hivyo vitatu siku ya kupokea mashine, kabla mwenyekiti hajatia saini hati ya mapokezi.