Dini, Familia na Duka: Kusudi la Maisha ya Mfanyabiashara Mdogo

Mfanyabiashara mdogo anadaiwa na pande tatu: dini, familia na biashara yenyewe. Biashara hudai kwa tarehe. Kodi ya fremu ina siku yake, mzigo una bei yake, na marejesho ya mkopo hayangoji. Dini nayo hudai kwa saa na kwa kiwango. Familia peke yake haina tarehe wala risiti, ndiyo maana kila mara huambiwa isubiri mpaka mambo yakae sawa. Mazungumzo mengi kuhusu kusudi la maisha huanza na ndoto na vipaji. Kwa mwenye duka au genge, pa kuanzia ni kwenye madeni haya matatu na lipi hulipwa kwanza.

Madai ya dini yako wazi. Katika Uislamu, zaka ya mali ya biashara ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na iliyotimiza mwaka wa Hijria. Hesabu hugusa bidhaa za kuuzwa na fedha iliyopo. Rafu, friji na mizani ya dukani havimo. Kuhusu muda, aya ya 9 ya Sura ya Al-Jumua inaamuru biashara iachwe pale mwito wa sala ya Ijumaa unaposikika, na aya ya 10 inawataka watu watawanyike kutafuta riziki sala ikishamalizika. Biashara haikukatazwa, imewekewa mpaka. Kwa Wakristo wengi lipo fungu la kumi, na Waadventista Wasabato hufunga maduka tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, siku ambayo masoko mengi hujaa wanunuzi. Anayefunga duka siku hiyo ameshaamua kabla ya kujua faida ya mwezi.

Hata hivyo dini hizo hizo hazikubali ibada inayokula haki ya nyumba. Imepokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari kwamba sahaba Salman al-Farisi alimtembelea sahaba mwenzake Abu Dardai akamkuta mke wa Abu Dardai ameacha kujishughulisha na mwonekano wake, kwa kuwa mumewe alizama katika kufunga mchana na kusali usiku. Salman alimkumbusha mwenzake kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na familia ina haki, na Mtume akathibitisha maneno hayo. Kwa upande wa Ukristo, John Wesley, aliyeanzisha Umethodisti, alichapisha mahubiri kuhusu matumizi ya fedha mwaka 1760. Alihimiza kuchuma, kuweka akiba na kutoa, lakini kuchuma alikuwekea sharti kwamba kusiharibu afya ya mchumaji wala kumdhuru jirani. Katika kutoa alianza na mahitaji ya mtu na ya nyumba yake, kisha waumini wenzake, kisha watu wote. Ahadi kubwa kwenye harambee ya ujenzi huku ada ya mtoto haijalipwa haipati utetezi hapo.

Familia ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mchango wake hauonekani kwenye vitabu. Mke hukaa dukani asubuhi bila mshahara, watoto hupanga mzigo baada ya shule, na faida huitwa ya mwenye leseni. Sheria ya Tanzania imekwenda mbele kuliko desturi hiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke huhesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lakini mikopo ambayo watu huiita kausha damu haisubiri mahakama. Dhamana yake huwa ni televisheni, friji na makochi, vitu vya watu ambao pengine hawakuulizwa. Siku wakusanyaji wanapoingia sebuleni, familia inalipa deni ambalo haikukubali.

Dawa ni kuipa familia kile ambacho wadai wengine wanacho: siku, kiwango na sauti. Mwenye duka ajilipe mshahara unaojulikana, na matumizi ya nyumbani yatoke humo, si kwenye droo ya mauzo. Siku ya familia iheshimiwe kama inavyoheshimiwa siku ya ibada. Mkopo wowote ujadiliwe nyumbani kabla ya kusainiwa. Kisha kiandikwe kiasi cha kutosha: nyumba ya aina gani, elimu ya watoto hadi wapi, akiba ya miezi mingapi. Biashara isiyo na kiasi cha kutosha hufungua tawi la pili kwa muda uliokuwa wa watoto. Daftari la mwezi mmoja, linaloonyesha saa na shilingi zilikwenda wapi, hutaja kusudi la mtu kwa ukweli kuliko maneno yake, na mara nyingi humshtua mwenyewe.

Suala la mwisho ni urithi. Mafungu ya warithi katika Uislamu yamekwishapangwa, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Wengine wanaweza kuandika wosia na kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa wote, madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mali kugawanywa, na duka dogo huendeshwa kwa mali kauli, yaani kuchukua mzigo na kulipa baadaye, na kwa kukopesha majirani. Basi orodha ya anayedai na anayedaiwa iandikwe na kusahihishwa kila wiki, na mtu mwingine wa nyumbani ajue ilipo.