GOGO BARIDI NA MSHAHARA WA MMENYAJI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa kiwanda cha plaiwudi)



Mwezi uliopita ndugu zetu wawili wa mashini ya kumenya walikatwa mshahara kwa sababu vinia ilitoka na nyufa. Kabla hatujapeleka shauri hili kwa mwajiri, yatupasa sote tujue vinia hupasuka kwa nini. Asiyeijua kazi yake hawezi kuitetea.

Gogo huzunguka, na kisu hulimenya kama mtu amenyavyo chungwa. Vinia ikitoka penye makali hupindwa kwa ghafula, na upande wake unaogusa kisu huvutwa. Mti ukiwa baridi haukubali kupinda. Hupasuka nyufa ndogo ndogo kufuata nyuzi zake. Mti mbichi uliopashwa joto katika maji moto au mvuke hulainika, nao hupinda bila kuvunjika.

Hasara haiishii hapo. Vinia yenye nyufa nyingi hunywa gundi, hukatika mikononi mwa wenzetu wa kikausho, na ubao wake huweza kupasuka usoni hata baada ya kupakwa rangi. Tena kifundo baridi ni kama jiwe: hupengua kisu, na pengo lile huchora mstari katika kila karatasi.

Basi tuchemshe sana? Hapana. Joto likizidi, uso wa vinia huota manyoya, miisho ya gogo hupasuka, na vishikio vya mashini huteleza. Kila mti una kiasi chake. Paini hutaka yapata nyuzi 50 hadi 70 za Selsiasi. Miti mizito na migumu hutaka zaidi, hata kukaribia 90.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Joto huingia katika mti polepole. Gogo likiwa nene mara mbili, muda wake si mara mbili, ni mara nne. Tuseme gogo la sentimita 25 lataka saa 10. Basi la sentimita 50 litataka saa 40. Kwetu magogo yote hutiwa tangi moja na kutolewa pamoja, na kuni za boila zikipungua, muda nao hupunguzwa. Gogo nene hutoka na ngozi moto na moyo baridi. Mmenyaji ndiye wa mwisho kulishika, naye ndiye alipaye.

Hatusemi kwamba mmenyaji hakosei kamwe. Kisu butu huleta nyufa, na chuma kinachobana gogo mbele ya kisu kikilegea huleta nyufa vile vile. Kwa hiyo twataka vipimo, si maneno. Kiini kibakicho baada ya kumenya kitobolewe pale pale, kitiwe kipimajoto. Kikiwa baridi, kosa ni la tangi.

Haya ndiyo tutakayoomba:

1. Magogo yatengwe kwa unene kabla ya kutiwa tangini.
2. Kitabu kiwekwe, kionyeshe saa ya kutia, saa ya kutoa, na joto la maji.
3. Joto la kiini lipimwe kila zamu, na mjumbe wetu aonyeshwe.
4. Tangi lizungushiwe uzio imara. Maji yanayolainisha mti humwunguza mtu.
5. Ndugu zetu wawili warudishiwe fedha zao.

Kwa ombi la tano tunayo sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kumenya gogo uliloletewa likiwa baridi si kosa la makusudi.

Ndugu zetu wa tangi, msidhani twawashitaki ninyi. Hamkupunguza kuni ninyi. Njoni mkutanoni mseme mliyoyaona, kwani leo ni mshahara wa mmenyaji, na kesho huenda ukawa wenu.

Vinia nzuri twaitaka sisi pia. Tupewe gogo lililoiva hata moyoni, kisha ndipo tuulizwe juu ya kazi yetu.