Taarifa ya Shule na Msimu wa Korosho

Wasikilizaji wetu wapenzi wa Lindi na Mtwara, hususan ninyi wa vijiji vya ndani ambao saa hizi mwaanika mbaazi na kupiga salfa mikorosho, naomba sikio lenu kwa jambo la shule.

Muhula wa pili umeanza mwezi huu wa Julai, na kama ilivyo ada, kila shule ya msingi, ijapokuwa ndogo kiasi cha madarasa mawili kufundishwa katika chumba kimoja kwa zamu, imekwisha kutoa au i karibu kutoa taarifa yake kwa wazazi: siku ya kikao, siku ya dawa, chakula cha wanafunzi, tarehe za mitihani, na mengineyo. Kabla ya kuyataja hayo kwa kadiri ya uzito wake, napenda kutanguliza neno moja ambalo kwangu ndilo asili ya yote, nalo ni kwamba mzazi wa kijijini huishi kwa majira ya shamba, ilhali shule huendeshwa kwa kalenda iliyopangwa wizarani, na majira hayo na kalenda hiyo visiposomwa pamoja, taarifa njema hugeuka kuwa chanzo cha lawama: mwalimu akidhani mzazi hajali, na mzazi akidhani mwalimu hana huruma.

Tazameni jinsi taarifa yenyewe inavyosafiri. Mwalimu wa zamu huiandika kwa kalamu ya wino katika kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari, akamkabidhi mtoto saa ya kutoka. Mtoto hukikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa kaptula pamoja na mabibo aliyookota njiani ikiwa ni mwezi wa kumi, na kikifika nyumbani kimelowa, maandishi yamekimbiana, naye aliyekipokea ni bibi, kwa kuwa mama yuko shamba la mbali na hatarudi ila baada ya siku tatu. Kikao kilikuwa kesho. Ni nani basi wa kulaumiwa? Mimi nasema taarifa itolewe majuma mawili kabla, isomwe paredini mbele ya wanafunzi wote, kisha ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji ili itangazwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kanisani siku ya Jumapili, na kwenye gulio, mahali ambapo watu hukutana kwa khiari yao. Na mzazi aliyeisikia amwambie jirani asiyeisikia, maana hiyo nayo ni amana.

Sasa nije kwenye chakula. Tangu Januari 2016, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima imeondolewa katika shule za serikali, na hakuna mwalimu mwenye ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Hilo ni haki yenu, lishikeni. Lakini waraka uliofuata, namba 3 wa mwaka 2016, ulibainisha pia yale yaliyobaki mikononi mwa mzazi, nayo ni sare, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto, na chakula chake. Alhasili, ule uji wa saa nne na ule ugali wa mchana haukuletwa na waraka wowote. Hutoka katika vihenge vyenu, au hautoki kabisa. Wakati wa kuutoa ni huu. Mwezi wa Julai mahindi yamo ndani na mbaazi ziko uwanjani, na debe moja halimwumizi mtu kama litakavyomwumiza Januari, wakati ambapo familia yenyewe yahesabu vibaba. Kamati ya shule inayokaa kimya msimu wa mavuno, ikaja kuomba mahindi wakati wa palizi, imechelewa, wala isishangae ikirudi mikono mitupu. Naye asiye na mahindi alete kunde, au mzigo wa kuni, au aje kupika siku moja kwa juma, na jina lake liandikwe daftarini sawa na la mwenye gunia.

Chakula hicho kina uhusiano na dawa. Watumishi wa zahanati wajapo shuleni na dawa za kichocho na minyoo, huja na kijiti kirefu cha kupimia kimo ili kujua kila mtoto apewe vidonge vingapi, na dawa ya kichocho ikinywewa na mwenye tumbo tupu humletea kichefuchefu na kizunguzungu. Mara nyingi uvumi wa kwamba dawa zina madhara makubwa huanza hapo hapo: watoto watatu walioondoka nyumbani bila kustaftahi wametapika, habari imefika kijijini kabla ya adhuhuri, na kina mama wamekuja mbio kuwachukua wana wao. Basi siku hiyo mtoto ale kwanza, hata ikiwa ni kipande cha muhogo wa jana. Kadhalika wasichana wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo yao ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi mwenye shaka aende zahanati akaulize mapema, asingoje kumficha binti siku ya chanjo.

Darasa la saba hukabiliwa na mtihani wao wa kumaliza elimu ya msingi mapema mwezi wa Septemba, kwa muda wa siku mbili. Tangu 2012 majibu ya maswali ya kuchagua husahihishwa kwa mashine, na mtahiniwa huziba kwa penseli kiduara cha herufi ya jibu alilolichagua. Kwa hiyo penseli ya HB, kichongeo na kifutio safi ni silaha ya lazima, na kifutio kichafu kinaweza kumharibia mtoto kazi aliyoifanya kwa akili zake zote. Vitu hivyo bei yake ni ndogo, vinunuliwe sasa. Na katika wiki hizi zilizosalia, mtahiniwa asitumwe kuchota maji usiku wala kulinda shamba dhidi ya nguruwe-mwitu hadi alfajiri. Namsihi kila baba mwenye mtoto darasa la saba ampunguzie kazi kwa siku hizo chache.

Lipo jambo ambalo watu wa kwetu hulizungumza kwa sauti ya chini, nami nitalitamka kwa heshima yote. Jando na unyago ni mila za wazee wetu, na mimi si katika wale wanaozidharau. Mtoto hufunzwa humo adabu ya kuwaamkia wakubwa, utu, na kujijua yeye ni nani katika ukoo wake. Lakini likizo ya Juni imekwisha, na bado wapo watoto kumbini. Mwali aliyetolewa ngomani kwa shangwe, akavishwa kanga mpya na kutuzwa fedha, hurudi darasani akiwakuta wenziwe wamekwisha kusonga mbele majuma matatu, na wengine hawarudi tena, kwa kuwa wameambiwa sasa ni watu wazima. Manyakanga na makungwi, ninyi ndio wenye kauli katika jambo hili kuliko afisa yeyote. Ngoma iingie siku shule zinapofungwa na itoke kabla hazijafunguliwa, na katika mafunzo yenu mumwambie mwali kwa kinywa chenu kwamba kukua kwake hakukumwondoa darasani. Neno hilo likitoka kwa kungwi, binti atalishika.

Kuhusu sare sitasema mengi. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba, na fedha ya mkulima hufika baada ya mnada, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Nyumba nyingi huwa na fedha Novemba na hazina kitu Januari. Mshonaji naye Novemba hana foleni, basi sare zishonwe mwezi huo. Na wenye watoto wanaotazamiwa kuanza darasa la awali au la kwanza mwakani watafute vyeti vya kuzaliwa tangu sasa, wasingoje wiki ya kufungua shule ndipo wapange mstari.

Lililobaki ni kikao. Nimekiacha mwisho kwa sababu wengi hukihesabu kuwa mahali pa kuitwa kukemewa, nami naomba mwalimu mkuu asiwape sababu ya kudhani hivyo: akiweke siku isiyo ya gulio, akianze saa aliyoitaja, atandike mikeka chini ya mwembe kwa ajili ya wazee. Ninyi wazazi nanyi nendeni, baba na mama, si bibi peke yake. Kabla hamjaketi, piteni kwenye ubao wa matangazo mtazame kama hesabu za fedha iliyopokelewa na iliyotumika zimebandikwa, na kama hazipo, ulizeni kwa adabu zilipo. Ulizeni mahindi ya mwaka jana yaliliwa siku ngapi, na nani aliyeshika ufunguo wa stoo. Ulizeni mtoto wenu anajua kusoma au anakariri tu, na ombeni aitwe asome mbele yenu.