Shule ya Kwanza ni Nyumbani
Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 2:1-10, Luka 2:52

Uwe jikoni, uwe shambani, uwe njiani kwenda kazini, karibu tulitafakari Neno la Mungu kwa dakika hizi chache.

Somo letu la leo lapatikana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Mfalme wa Misri alikuwa ameamuru kila mtoto mwanamume wa Waebrania atupwe mtoni. Mama mmoja akamficha mwanawe miezi mitatu, kisha akamtia katika kisafina cha mafunjo kando ya mto. Binti Farao akamwona, akamhurumia. Dada ya mtoto alikuwa amesimama karibu, naye kwa akili yake akaenda kumwita mama yao awe mlezi. Basi mama yule akapewa ujira ili amnyonyeshe mtoto wake mwenyewe! Mtoto alipokua, akampeleka kwa binti Farao.

Angalieni jambo moja hapa. Musa alisoma katika shule mbili. Ile ya pili ilikuwa jumba la mfalme, na Stefano atuambia katika Matendo ya Mitume 7:22 ya kuwa huko alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Lakini ile ya kwanza ilikuwa nyumba ya watumwa, na mwalimu alikuwa mama yake. Haikuwa na vitabu wala madawati, na haikudumu miaka mingi. Hata hivyo, Musa alipokuwa mtu mzima alitoka kwenda kuwatazama Waebrania waliotaabishwa, na Biblia yawaita ndugu zake. Jumba la Farao halingeweza kumfundisha hao ni ndugu zake.

Leo nataka kusema na wazazi, na akina nyanya wanaolea wajukuu, wenye watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Wengi wameanza kuwafundisha watoto hawa nyumbani. Wengine hawana nasari karibu nao. Wengine karo imewashinda. Wengine wanatamani tu mtoto aanze safari yake katika njia ya Bwana. Na wengine walijua kwamba wanaweza pale shule zote za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, zisifunguliwe kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021.

Wazazi hawa wanauliza: Tufuate mtaala gani? Na kweli mitaala ni mingi. Kuna ule wa serikali, uliotayarishwa na taasisi ya mitaala, KICD, ambao tangu mwaka 2019 wafuatwa katika madarasa ya awali, PP1 na PP2. Kuna Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970, ambamo mtoto husoma kijitabu kimoja kimoja kwa mwendo wake. Kuna njia ya Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma mwaka 1907, akawapa watoto vitu vya kushika na kazi za mikono. Kuna njia ya Charlotte Mason wa Uingereza, aliyetaka mtoto wa chini ya miaka sita akae sana nje, atazame miti na ndege, kabla ya kukalishwa mezani.

Mzazi asikiapo majina haya yote kichwa kinamzunguka. Kisha anasikia ya kuwa mtoto wa jirani ana miaka mitatu na tayari anasoma. Hofu inaingia. Baba na mama wanaanza kutoelewana. Pesa za unga na za dawa zinanunua sanduku la vitabu kutoka ng'ambo. Vitabu vikija, mtoto anakalishwa saa nzima mbele ya herufi, na akikosea anapigwa makofi. Wapendwa, mtoto wa namna hiyo kabla hajajua kusoma amekwisha kujua kuchukia kitabu. Na kama kitabu anachopigiwa ni Biblia, je, tumempeleka kwa Bwana au tumemfukuza?

Hofu si mshauri mwema. Basi natuwaulize watu wawili wa Mungu waliotutangulia.

Wa kwanza ni Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 katika nchi ya Moravia, akawa askofu wa kanisa la Ndugu wa Moravia. Alifukuzwa kwao kwa ajili ya imani yake, akaishi uhamishoni. Huko aliandika kijitabu kwa ajili ya wazazi, juu ya kumfundisha mtoto nyumbani mpaka atimize miaka sita. Alisema shule ya kwanza ni mapajani pa mama. Katika shule hiyo mtoto ajifunze kuyajua maji, moto, mvua na majani kwa majina yake. Ajue kuhesabu kidogo. Ajue kuimba, kutumia mikono yake, kusema kweli, na kuomba. Mtu huyu aliyepoteza nyumba yake hakudharau shule ya nyumbani.

Wa pili ni Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama wa John na Charles Wesley. Alizaa watoto 19, na 10 tu ndio waliokua. Mwaka 1732 alimwandikia mwanawe John barua kueleza jinsi alivyowafundisha. Mara mtoto alipoweza kusema, alifundishwa Sala ya Bwana, akaisema aamkapo na alalapo. Alifundishwa kuitofautisha siku ya Bwana na siku nyingine. Alifundishwa kuomba kitu kwa adabu, hata kwa watumishi. Lakini kusoma hakuanza mpaka mtoto atimize miaka mitano! Siku hiyo ndipo alipofundishwa herufi, na wote walizijua kwa siku moja, ila wawili waliochukua siku moja na nusu. Kisha wakaanza kusoma kitabu cha Mwanzo.

Ni mmoja tu, Kezzy, aliyeanzishwa mapema, kwa sababu maoni ya wengine yalimshinda mama. Na Susanna aeleza ya kuwa huyo alichukua miaka kujifunza yale ambayo wenzake walijifunza kwa miezi. Mama huyu alikuwa mkali, wala si lazima tuige ukali wake wote. Lakini katika hili alikuwa na subira kuliko wengi wetu. Haraka haraka haina baraka.

Basi tuchague namna gani? Natupime kwa Neno. Luka 2:52 yatueleza jinsi Bwana Yesu alivyokua alipokuwa mtoto: alizidi katika hekima, alizidi katika kimo, akampendeza Mungu, akawapendeza na watu. Hizi ni mizani nne. Kabla hujatoa shilingi yako, chukua kitabu unachotaka kununua ukipime.

Kwanza, akili. Je, kitabu hiki chamfanya mtoto kuuliza na kufikiri, ama kukariri tu? Je, chasema habari za vitu anavyoviona? Kitabu chenye picha za theluji na pesa za dola si kibaya, lakini mtoto wa Kitui au Busia aanze na mbuzi, mahindi na mvua. Na asikie lugha anayoielewa. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi, mwaka 1976, imeshauriwa katika nchi yetu mtoto aanze masomo kwa lugha ya mahali anapokaa. Basi msimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, mtegee vitendawili. Kiingereza kitakuja.

Pili, mwili. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu havijakomaa kushika kalamu kwa muda mrefu. Mtaala unaomtaka ajaze kurasa nyingi kila siku haumjui mtoto. Vidole hukomaa kwa kazi: kuchambua mboga, kufunga vifungo, kufinyanga udongo, kuchora mchangani kwa kijiti. Aruke kamba, apande, akimbie. Masomo ya kukaa chini yawe ya dakika chache, kisha aachwe acheze.

Tatu, mbele za Mungu. Hapa tuwe waangalifu, kwa maana neno "Kikristo" likiandikwa juu ya jalada hatuulizi tena. Uliza: Je, kitabu hiki chamwonyesha mtoto Baba ampendaye, ama chamtisha tu? Na ujue ya kuwa hakuna kitabu kinachoweza kuomba mahali pako. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa, yule yule aliyefundishwa mapajani, awaagiza wazazi kwanza wayaweke maneno ya Mungu mioyoni mwao wenyewe, ndipo wawafundishe watoto, wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiondoka. Hiyo ndiyo ratiba yetu. Nyakati hizo nne kila nyumba inazo, ya tajiri na ya maskini.

Nne, mbele za watu. Mtoto anayefundishwa nyumbani asifungiwe kama kuku wa kunona. Yampasa ajifunze kungoja zamu yake, kugawana, kupiga hodi, kuwasalimu wakubwa, kusema "samahani". Hayo hayafundishwi na karatasi. Mpeleke shule ya Jumapili. Wazazi watatu au wanne wa kanisa moja wanaweza kukutana siku mbili kwa juma, watoto wajifunze na kucheza pamoja. Na baba asiseme ya kuwa kazi hii ni ya mama. Jioni achukue dakika kumi, amweke mtoto karibu, amweleze alivyoiona kazi ya siku.

Ukipima hivi, utaona ya kuwa mtaala wa nchi yetu si wa kudharauliwa. Kwa watoto wa PP1 na PP2 umegawanywa katika lugha, hesabu, mazingira, kazi za ubunifu, na dini. Yote hayo yanaweza kufanyika nyumbani kwa vitu ulivyo navyo. Vifuniko vya soda ni hesabu. Kalenda kuukuu ni kitabu cha tarakimu na picha. Kupika uji ni somo la mazingira: maji baridi, maji moto, unga umetoka wapi, ni nani aliyeinyesha mvua. Aliye na uwezo wa kununua vitabu vya ng'ambo na anunue, Bwana amemjalia. Lakini asiye navyo asikope, wala asijione ya kuwa amemkosesha mwanawe.

Niongeze neno juu ya sheria, kwa maana Mkristo huitii serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anakwenda shuleni umri ukifika. Nayo Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka madarasa ya awali chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo usifanye jambo hili kwa kujificha. Nenda katika ofisi ya elimu iliyo karibu nawe, uulize. Zungumza na mwalimu wa shule ambayo mtoto ataingia Gredi ya Kwanza, ujue atatakiwa awe anajua nini. Na ukiona mtoto hasikii vema, haoni vema, au amechelewa sana kusema, usimwite mjinga. Mpeleke hospitali mapema.

Labda mama mmoja anayenisikiliza anasema moyoni, "Mimi sikusoma. Nitamfundisha nini mtoto?" Mama yangu, mama yake Musa alikuwa mtumwa, na Maandiko hayatuambii kama alijua kusoma. Alikuwa na miaka michache tu, akijua wazi ya kuwa siku inakuja ambapo atamshika mtoto mkono, ampeleke katika nyumba ya watu wasiomjua Mungu wake, ajifunze kwa walimu ambao yeye hakuwachagua. Sisi nasi tumepewa miaka hiyo michache. Siku ya kumpeleka itakuja. Atavaa sare, atabeba mfuko, atakwenda. Ni heri aende akijua ni mtoto wa nani, na ndugu zake ni akina nani.

Natuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Twaomba uwatie nguvu akina mama na akina baba, na akina nyanya waliochoka lakini wanalea tena. Waondolee hofu ya jirani na kiburi cha kushindana. Wape hekima ya kuchagua, na subira watoto wanapochelewa. Wakumbuke watoto wasio na wa kuwapakata, ulitumie kanisa lako liwe nyumba yao. Yaweke maneno yako mioyoni mwetu kwanza, tupate kuwa na kitu cha kuwapa. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyewakumbatia watoto wadogo akawabariki. Amina.