Watoto Wetu Wanasikia

Maneno ya wazazi wa Makobola, yaliyosemwa Baraka mbele ya familia zilizokimbia, familia zilizozipokea, na viongozi wa vijiji



Sisi ni wazazi wa Makobola. Kati yetu kuna wavuvi, wauza samaki, wakulima wa muhogo na walimu wa shule ya msingi. Hatukuja kufundisha kama watu wenye vyeti vya amani. Tumekuja kueleza mambo tuliyoyaona ndani ya nyumba zetu wenyewe, na mengine yanatutia haya.

Mikutano ya amani tumehudhuria mingi. Mara nyingi inazungumzia silaha, mashamba, ng'ombe na vyeo. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini leo tunaomba tuzungumze juu ya chakula cha jioni, mpira wa watoto, na rafiki wa mtoto. Tumeona kwamba vita inapita hapo pia, na amani inapita hapo hapo.

Tulikotoka

Makobola iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika barabara ya kutoka Uvira kuja huku Baraka. Wenye umri kati yetu hawawezi kusahau siku zile za kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema kwamba zaidi ya watu 800 waliuawa na askari huko Makobola na katika vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Wanawake na watoto walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa wengine hesabu hiyo ni namba. Kwetu sisi ni mama, ni kaka, ni mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea.

Katika miaka ile ya vita, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaingia Tanzania, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoa wa Kigoma. Watoto wetu wengi walizaliwa kule. Walikua wakingoja mgao wa unga, wakicheza kati ya nyumba za udongo, wakiwa na marafiki kutoka vijiji ambavyo sisi wazazi tusingevifikia kamwe kama si kukimbia.

Kuanzia Oktoba 2005 watu walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi hapa Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tulifurahi kurudi, lakini watoto walipata shida yao, ambayo wazazi hatukuiona mapema. Wenzao waliwacheka kwa sababu ya Kiswahili cha Tanzania. Waliambiwa ni watoto wa kambi. Wengine hawakujua kuogelea ziwani wala kushika kasia, na hiyo ni aibu kubwa kwa mtoto wa kwetu. Kabla ya semina yoyote kufika, kilichowaunganisha kilikuwa mpira na kwaya. Mtoto anayejua kupiga mpira haulizwi alizaliwa wapi. Tuliliona jambo hilo, lakini hatukulitia maanani.

Halafu, Desemba 2025, vita ikafika Uvira. Familia nyingi zilikimbia tena, zingine zikavuka kuingia Burundi, zingine zikashuka kusini kuelekea Fizi na Baraka. Wale waliokuwa watoto Nyarugusu sasa walikuwa wazazi, nao wakabeba watoto wao mgongoni. Ninyi mliotupokea katika nyumba zenu mnajua tulivyofika. Mlitupa mkeka, mkagawana nasi sombe na ugali, ingawa ninyi wenyewe hamkuwa na kingi. Asanteni sana.

Neno lililotoka kwetu

Sasa tuwaeleze jambo lililotokea hapa, karibu na nyumba mojawapo ya zile tunazolala.

Watoto walikuwa wametengeneza mpira wa sashe zilizofungwa kwa kamba. Walikuwa wakicheza jioni, karibu na mahali baba mmoja wetu alipokaa akishona wavu. Mtoto mmoja, mgeni kama wao, alisogea akitaka kuingia mchezoni. Kabila lake hatulitaji, kwa sababu katika nchi hii kila kabila limewahi kuwa mahali pa mtoto yule. Mtoto wetu, mwenye miaka tisa, akasimama mbele yake akasema: "Ninyi mlituua. Ondoka hapa."

Yule mtoto akaondoka bila kujibu. Wengine wakaendelea kucheza.

Baba akaweka wavu chini. Akamwita mwanawe, akamwuliza kwa ukali: "Nani alikufundisha maneno hayo?" Mtoto akajibu: "Ni wewe, baba. Ulisema juzi wakati wa kula."

Ndugu zetu, yule baba hakuwa na jibu. Ni kweli alisema. Wengi wetu tumesema. Tunakula, tunasikia habari ya mauaji kwenye redio, tunataja kabila zima kwa jina moja baya, halafu tunaomba tuongezewe mboga. Tunafikiri mtoto anashughulika na sahani yake. Kumbe mtoto anasikia. Mtoto yule hakuwa amezaliwa mwaka 1998, na yule aliyemfukuza vilevile hakuwa amezaliwa. Vita waliyokuwa wakipigana pale uwanjani ilikuwa yetu.

Tulikutana wazazi wachache tukaamua kwenda kwa familia ya mtoto aliyefukuzwa. Mama yake alitupokea vizuri, akatupa viti, lakini hakumwita mtoto. Alituambia hivi: "Mimi pia nina wafu wangu. Mtoto wangu sasa anaogopa kupita njia ya kisima. Msimletee zawadi. Mleteeni neno."

Basi tukaomba mtoto aitwe. Yule baba akamwambia mbele yetu wote: "Maneno uliyosikia uwanjani yalikuwa yangu, mimi mtu mzima. Nilikosa. Hapa ni pako pia." Kesho yake asubuhi alimtuma mwanawe apite nyumba ile na bidoni yake, waende kisimani pamoja.

Tusiwadanganye, mambo hayakunyooka siku ile. Mtoto alichukua wiki tatu kabla ya kurudi uwanjani. Dada yake mkubwa bado hapendi kukaa na watoto wetu, na hatumlazimishi. Lakini wale wavulana wawili sasa wanagombana juu ya goli, kama watoto wengine wote.

Je, tusahau?

Kuna ndugu waliotuuliza: "Mnataka watoto wasijue yaliyotupata?" Hapana. Atakayesahau Makobola atakuwa amewaua ndugu zetu mara ya pili. Sisi tunataka haki. Mpaka leo hatujaona mahakama ikiwahukumu waliofanya mauaji yale, na hatutaacha kuidai.

Lakini mtu anayedai haki huitaja kazi ya muuaji, siku na mahali. Mahakama haiwezi kulishtaki kabila, wala haiwezi kumshtaki mtoto. Tukimwambia mtoto kwamba kabila fulani ndilo lililoua, hatujamweleza ukweli, na wale waliofanya hasa tumewaficha nyuma ya watu ambao hawakuwepo.

Kwa hiyo tulikubaliana namna ya kuwaambia watoto. Akiuliza, tunamjibu, hatumfukuzi. Tunamtajia majina ya ndugu zake waliokufa, kazi walizofanya, nyimbo walizopenda, namna bibi alivyocheka. Tunamwambia kwamba waliua askari wenye bunduki, katika vita ya wakubwa. Tunamwambia pia nani alitusaidia: aliyetuvusha kwa mtumbwi, aliyetuficha shambani, hata kama hakuwa wa lugha yetu. Mtoto akijua hayo yote, ana kumbukumbu kamili. Akijua uchungu peke yake, atatafuta mtu wa kumlipa, na wa kwanza atakayemwona ni jirani.

Mambo tunayofanya

Tumeanza mambo machache, na yeyote anaweza kuyafanya bila fedha ya mradi.

Kwanza, wakati wa kula hatutukani kabila la mtu. Mwenye uchungu, na sote tunao, anautoa kwa mtu mzima mwenzake baadaye, watoto wakiwa wamelala. Atakayesahau, mke wake, mume wake au hata mtoto wake ana ruhusa ya kumkumbusha.

Pili, timu za mpira hatuzigawi kwa kabila wala kwa kijiji. Watoto wanasimama mstari, wanahesabu moja, mbili, moja, mbili. Wa moja huku, wa mbili kule. Mpira hauna mwenyewe: kila wiki unalala nyumba nyingine, na nyumba hiyo ndiyo inayoutengeneza ukifunguka.

Tatu, tunawakumbuka wasichana. Tulipochunguza, tuliona kwamba wavulana wanacheza kila jioni huku dada zao wakichota maji, wakitafuta kuni na kubeba wadogo wao. Sasa siku mbili kwa wiki wavulana wanabeba bidoni, na wasichana wanapata jioni yao ya kuruka kamba, kusukana nywele, kufanya mazoezi ya kwaya, au kukaa tu na marafiki wakipiga hadithi. Wababa wengine walinung'unika mwanzoni. Tuliwaambia kwamba kucheza ni haki ya kila mtoto, mvulana na msichana. Imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990.

Nne, tunatumia usiku wa mbalamwezi. Ninyi wavuvi mnajua: mwezi ukiwa mkubwa, ndakala hawafuati taa, na mitumbwi inapumzika. Siku hizo baba yuko nyumbani. Zamani Wabembe walikuwa na lubunga, mahali pa wazee kukaa kando ya moto, na vijana wakajifunza kwa kusikiliza. Hapa ugenini hatuna lubunga yetu, lakini mwezi tunao. Familia tatu au nne za lugha mbalimbali zinakaa pamoja nje. Mzee mmoja anatoa hadithi ya kwao, mwingine anatoa kitendawili, watoto wanaimba. Mtoto wa Kifuliiru anasikia hadithi ya Kibembe, na mtoto wa Kibembe anagundua kwamba sungura wa wenzake ni mjanja kama wa kwao.

Kwenu viongozi

Tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, mkipanga mahali pa kukaa wakimbizi, acheni kiwanja cha watoto, kilicho karibu na nyumba ili wazazi waone. Tunajua ardhi ni haba. Lakini mtoto asiye na mahali pa kucheza atatafuta mahali pengine, na pengine hapo si pazuri.

La pili, angalieni marafiki wa vijana. Kijana haingii msituni peke yake. Mara nyingi anamfuata rafiki aliyetangulia, kwa sababu hana shule, hana timu, hana kwaya, na nyumbani anasikia maneno ya kisasi tu. Mkiona kundi la vijana limekaa bure kutwa nzima, msingoje mpaka wawe na bunduki ndipo muite mkutano. Na mtu yeyote asimtume mtoto kupeleka habari wala mizigo ya wenye silaha.

La tatu, ugomvi wa watoto uletwe mapema. Mkisikia mtoto amefukuzwa mchezoni kwa sababu ya lugha ya mama yake, msiseme ni mambo ya kitoto. Nendeni mwone neno hilo lilitoka nyumba gani. Mara nyingi mtamkuta mtu mzima, na huyo ndiye wa kuongea naye, kwa upole, bila kumwaibisha.

Mwisho

Hatujui ni lini sote tutalala tena katika nyumba zetu bila hofu. Siku hiyo tutarudi na masufuria yetu, nyavu zetu na watoto wetu. Nyumba zilizobomoka tutazijenga kwa matofali ya udongo, kama tulivyofanya baada ya Nyarugusu. Lakini watoto watakaorudi Makobola wataishi na watoto wa majirani wote wa barabara ile: Wabembe, Wavira, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengineo. Namna watakavyoishi inapikwa sasa, jioni hii, kwenye moto wa kila nyumba iliyo hapa.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo moja. Leo mtakaporudi nyumbani na kuketi kula, kabla ya kusema neno juu ya watu wengine, tazameni kwanza nani ameketi karibu na sahani.